Mama ameteleza ngazini akavunjika mkono: je, vidonge vya kalsiamu vinatosha?

Swali: Shikamoo daktari. Niko Langoni, Lamu. Mama yangu ana miaka 67. Mwezi uliopita aliteleza kwenye kidato cha pili kutoka chini, akajishika kwa mkono na kifundo kikavunjika. Alifungwa plasta, akapewa vidonge vya kalsiamu, tukaambiwa mifupa yake ni myepesi kwa ajili ya umri. Lakini mimi naona kuna zaidi. Mgongo umeanza kupinda, na buibui alilolishona zamani likamfika kwenye vifundo vya miguu sasa linaburura chini. Jirani anasema ni baridi yabisi. Ndugu yangu wa Mombasa anasema kuna sindano ya mifupa, na mwingine ametutisha kuwa hiyo sindano huozesha taya. Maziwa mama anakunywa, kwenye chai. Jua la Lamu nalo si haba. Mbona imekuwa hivi, na tufanyeje? Na mimi niliye na miaka 44, niogope? Tena Ramadhani atazitumiaje dawa hizo?

Jibu: Marahaba dada yangu, na umpe mama pole zangu. Nikujibu kwanza, maelezo yafuate: hapana, vidonge vya kalsiamu havitoshi. Mwanamke aliyekoma hedhi akianguka kutoka kimo cha kusimama kwake tu, au kidato kimoja viwili, kisha mfupa ukavunjika, achukuliwe kuwa ana osteoporosisi, yaani mifupa iliyopungua na kudhoofika hata ikavunjika kwa urahisi, mpaka vipimo viseme vinginevyo. Na osteoporosisi ni ugonjwa wenye jina, wenye sababu na wenye dawa. Kusema "ni umri" kisha kumrudisha mtu nyumbani ni kumnyima haki yake.

Nalisema kwa mkazo kwa sababu ni jambo ninaloliona mara nyingi na linaniuma. Mkono unatibiwa vizuri, mifupa mingine yote ya mwili inasahauliwa. Plasta inatolewa, mgonjwa anaagwa, na baada ya miaka michache analetwa amebebwa, safari hii ni nyonga. Katika nchi zilizolifuatilia jambo hili kwa makini, katika wazee wanaovunjika nyonga, mmoja kati ya watano au zaidi hufariki ndani ya mwaka mmoja, na wengi wa wanaobaki hawarudi kutembea kama zamani. Mkono wa mama umetangulia kuwaonya. Mna nafasi ambayo wengi hawakuipata.

Sasa, mifupa yake imefikwa na nini? Mfupa ni kiungo hai, kina damu yake na seli zake, kama ini au ngozi. Umeundwa kwa nyuzi za protini iitwayo kolajeni, na katikati ya nyuzi hizo zimejipanga fuwele za kalsiamu na fosfeti. Fuwele ndizo zinazoupa mfupa ugumu; kolajeni ndiyo inayoufanya uweze kupinda kidogo bila kukatika. Mtu mzima ana kalsiamu ya kama kilo moja mwilini, na asilimia 99 yake imo mifupani.

Mfupa huo haukai vile vile. Kila siku, katika sehemu nyingi mwilini, kuna seli zinazobomoa na seli zinazojenga. Za kubomoa huitwa osteoklasti. Hung'ang'ania juu ya mfupa, humwaga asidi ya kuyeyusha madini na kimeng'enya cha kukata kolajeni, na kwa wiki chache huacha kishimo. Hapo huja osteoblasti, seli za kujenga, zikakijaza kishimo kwa kolajeni mpya kisha zikaitia madini. Kazi hiyo huchukua miezi. Kwa hesabu ya jumla, mtu mzima hubadilishiwa kama asilimia 10 ya mifupa yake kila mwaka. Faida yake ni mbili. Nyufa ndogo ndogo za kila siku huondolewa kabla hazijakua, na damu hupata kalsiamu wakati wowote inapoihitaji. Moyo na misuli haviwezi kwenda bila kalsiamu, kwa hiyo ikipungua kwenye damu, tezi nne ndogo za shingoni hutoa homoni inayoamuru mfupa ubomolewe. Mwili huona afadhali mfupa upungue kuliko moyo ukose.

Mtu anapokuwa kijana ujenzi hushinda, mfupa ukajaa mpaka kufikia upeo wake karibu na miaka 25 hadi 30. Kisha pande mbili hulingana kwa muda. Kwa mwanamke, anayeshikilia mizani hiyo ni homoni ya estrojeni. Seli za ukoo wa wajenzi ndizo zinazotoa ishara ya kuzizalisha na kuziamsha osteoklasti, na estrojeni huizuia ishara hiyo isizidi. Hedhi inapokoma, estrojeni hushuka, na osteoklasti zikawa nyingi na zenye maisha marefu zaidi. Vishimo vinachimbwa kila mahali kwa wakati mmoja, na kila kimoja kinajazwa nusunusu. Katika miaka ya mwanzo baada ya hedhi kukoma, uti wa mgongo unaweza kupoteza asilimia 2 hadi 3 ya mfupa wake kila mwaka, kisha mwendo ukapungua bila kusimama. Fuller Albright, daktari wa Boston, ndiye aliyelifungamanisha jambo hili na kukoma hedhi katika maandishi yake ya mwaka 1941. Wanaume nao huugua, ila wao huchelewa, kwa kuwa homoni zao hazikatiki kwa ghafla.

Mbona ni kifundo cha mkono, mgongo na nyonga, na si mifupa mingine? Ni kwa sababu sehemu hizo ndani yake zina mfupa wenye matundu, vijiti vya mfupa vilivyosukana. Kwa kuwa vijiti hivyo vina eneo kubwa la juu, osteoklasti hupata pengi pa kushika. Tazama boriti za dari kwenye nyumba yenu: zikikonda, dari bado hukaa; lakini moja ikikatika, uzito wake huwaangukia jirani zake. Ndivyo pingili za mgongo zinavyokwenda. Dawa zinaweza kuvinenepesha vijiti vilivyobaki, lakini kilichokatika kabisa kwa kawaida hakiungwi tena. Ndiyo maana nakuhimiza mwanze sasa, wala msingoje "tuone kwanza".

Hilo la buibui umeliona kwa jicho la tabibu. Wengi wetu hatuna mahali palipoandikwa urefu wetu wa ujanani, lakini nguo haisahau. Mtu akipungua sentimita 4 au zaidi ya urefu aliokuwa nao, nafikiria pingili zilizobonyea. Pingili hubonyea upande wa mbele, nyuma ikabaki na kimo chake, na zikifuatana mbili tatu mgongo huinama na kibiongo kikaanza. Haihitaji kuanguka. Mtu ainue ndoo, ainame kuokota kitu, hata akohoe kwa nguvu, yatosha. Theluthi mbili hivi ya mivunjiko ya pingili haitambuliwi kuwa ni mivunjiko. Mtu husema mgongo umeshika, akachuliwa kwa mafuta, akaendelea. Mpigisheni mama eksrei ya mgongo iliyopigwa kwa ubavu. Kama kuna pingili iliyobonyea, na sababu nyingine zimeondolewa, ugonjwa umethibitika na hakuna la kubishania tena. Na dawa iwe ya haraka, kwani katika wanawake waliopata mvunjiko mpya wa pingili, mmoja kati ya watano hupata mwingine ndani ya mwaka huo huo.

Jirani mwambieni kwa upole kwamba baridi yabisi ni maradhi ya viungo. Huvimbisha vifundo na kuviuma. Osteoporosisi haiumi wala haivimbi mpaka siku mfupa unapokatika. Mtu anaweza kuwa na yote mawili. Ila kuna jambo hapo linalonitia wasiwasi zaidi ya jina la ugonjwa. Je, mama amewahi kutumia kwa muda mrefu vidonge vya maumivu vya dukani, vile vinavyofungwa kwenye kikaratasi bila jina, vinavyomfanya mtu asikie nafuu usiku ule ule na uso ukaanza kujaa? Nyingi za nafuu hizo ni steroidi: deksamethasoni au prednisoloni. Steroidi huua seli za kujenga mfupa na kuzirefushia maisha seli za kubomoa. Miezi mitatu tu ya prednisoloni ya kila siku yatosha kuanza kudhoofisha mifupa. Ikiwa anazitumia, asizikate ghafla, maana mwili uliozizoea huweza kuzimia bila hizo. Aende navyo kliniki, kikaratasi na kila kitu, apunguziwe taratibu.

Kabla ya dawa ya mifupa yenyewe, mama anahitaji vipimo vichache vya damu: kalsiamu, figo, tezi ya koo, wingi wa damu, na vitamini D kama mnaweza kuimudu. Havipimwi kwa desturi tu. Mgongo unaouma usiku kucha, homa za jioni, kukonda, damu kupungua bila sababu, miguu kulegea au mkojo kutozuilika, hayo si ya osteoporosisi. Kwetu hapa lazima nifikirie kifua kikuu cha uti wa mgongo, na saratani ya uboho iitwayo mailoma, ambayo nayo hubonyeza pingili. Dalili hizo zikiwapo, msingoje siku ya kliniki, nendeni leo.

Nije kwenye jua, kwani umesema kweli, jua la Lamu si haba. Mji uko nyuzi 2 tu kusini mwa ikweta. Lakini ngozi ndiyo inayotengeneza vitamini D, na ngozi iliyofunikwa haitengenezi kitu. Mwanamke anayetoka na buibui, akapita vichochoro vyenye kivuli, kisha akashinda ndani ya kuta nene, anaweza kuishi kwenye jua kali maisha yake yote na bado akawa na upungufu. Jambo hili limeonekana sana katika nchi za Uarabuni zenye jua tele. Ngozi nyeusi nayo huhitaji muda mrefu zaidi. Bila vitamini D, utumbo hunyonya kalsiamu kidogo sana hata ukiimeza kwa ngumi. Upungufu ukizidi huleta maradhi mengine, osteomalasia, ambapo kolajeni hutandikwa lakini haitiwi madini. Mtu huumwa mifupa yote na mapaja yakakosa nguvu za kumwinua kitini.

Dawa yake ipo nyumbani kwenu: kiwanda. Uwazi ule wa ndani, ulio wazi kwa mbingu na uliofichika kwa macho ya watu, ni mahali pa mama kukaa na mikono na miguu wazi, dakika 20 au 30, siku tatu nne kwa wiki. Ila si lile jua la saa moja asubuhi tunalolisifia. Jua likiwa chini, mionzi inayotengeneza vitamini D huwa hafifu. Angalieni kivuli: kikiwa kifupi kuliko mtu mwenyewe, jua hilo linafaa, yaani tangu saa nne hivi. Kioo cha dirisha huzuia mionzi hiyo, basi kukaa nyuma ya kioo hakusaidii. Kwa mtu wa umri wake, mimi huongeza kidonge cha vitamini D cha yuniti 800 kwa siku, na damu ikionyesha upungufu mkubwa, dozi ya kuujazia kwanza.

Maziwa ya kwenye chai ni vijiko viwili, hayahesabiki. Anahitaji kama miligramu 1,200 za kalsiamu kwa siku. Glasi ya maziwa au mtindi ina karibu 300. Uji wa wimbi ni hazina tunayoidharau, kwani wimbi lina kalsiamu nyingi kuliko nafaka zetu nyingine zote. Dagaa wanaoliwa na miiba yao ni wazuri mno; samaki mkubwa aliyetolewa miiba, hata akipakwa nazi vizuri namna gani, hana kalsiamu ya maana. Mchicha unayo, lakini umeifunga na haiachii kwa urahisi. Akila hivi, pengine kidonge kimoja cha kalsiamu kwa siku kitamjazia pengo, akinywe pamoja na chakula. Kuzidisha vidonge hakuongezi mfupa, huongeza mawe ya figo. Na hapa ndipo ninaporudi nilipoanzia: kalsiamu ni udongo na mawe ya kujengea, lakini tatizo la mama ni wabomoaji waliozidi. Kuwaletea wajenzi mawe zaidi hakuwazuii wabomoaji.

Mtasikia pia habari za mashine ya DEXA, inayopima uzito wa mfupa kwa mionzi midogo. Majibu yake hutolewa kwa alama ya T, yaani umbali wa mfupa wako kutoka ule wa mwanamke kijana mwenye afya. Tangu mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani limeweka alama 2.5 chini ya sifuri, au zaidi ya hapo kushuka, kuwa ni osteoporosisi. Ni kipimo kizuri, lakini mashine hizo ni chache nchini, na kumpandisha mama boti mpaka Mokowe kisha basi la mbali na mkono wenye plasta ni mzigo. Mkiipata kwa wepesi, pimeni. Msipoipata, mvunjiko wa mkono pamoja na pingili zilizobonyea vimeshasema yote. Sitamnyima mgonjwa dawa kwa kuwa mashine iko mbali.

Dawa ya kuanzia kwa watu wengi ni jamii ya bisfosfoneti. Kemikali zake za mwanzo zilitumika viwandani kuzuia ukoko wa chokaa kwenye mabomba ya maji, na katika miaka ya 1960 Herbert Fleisch na wenzake huko Uswisi wakaonyesha kuwa hushika kwenye fuwele za mfupa. Dawa hukaa juu ya mfupa ikingoja. Osteoklasti ikija kubomoa, huimeza pamoja na mfupa, ikashindwa kufanya kazi na kufa. Kwa hiyo dawa huwafikia wabomoaji wale wale walio kazini, na hubaki mfupani kwa miaka.

Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kidonge cha alendroneti, miligramu 70, mara moja kwa wiki. Kidonge hiki kina adabu zake: tumbo tupu, glasi nzima ya maji matupu, kisha nusu saa bila kula, bila chai, bila kulala wala kuinama, kwa sababu kikikwama kooni hulichubua. Mama akishasali alfajiri, akinywe, aketi wima, kisha ndiyo staftahi. Asali kwanza, kwani kusujudu kidonge kikiwa njiani hakufai. Kalsiamu aipeleke mchana. Zikikutana tumboni, kalsiamu huishika dawa ikapita bure. Mwenye kiungulia kikali, mwenye shida ya kumeza, au asiyeweza kuketi wima, njia hii si yake.

Ya pili ndiyo sindano aliyoitaja ndugu yako: asidi ya zoledroniki, miligramu 5, hutiwa kwa dripu ya robo saa au zaidi, mara moja tu kwa mwaka. Katika utafiti mkubwa uliotolewa mwaka 2007, wanawake waliopewa dripu hiyo kwa miaka mitatu walipungukiwa na mivunjiko ya pingili kwa asilimia 70 na ya nyonga kwa asilimia 41. Kwa mtu aliye kisiwani, mimi naipenda zaidi hii: mara moja kwa mwaka, hakuna kusahau, hakuna koo kuchubuka. Masharti ni figo ziwe na nguvu ya kutosha, na vitamini D na kalsiamu ziwe zimejazwa kwanza, la sivyo kalsiamu ya damu hushuka kwa hatari. Siku mbili tatu za mwanzo huweza kuja homa na maumivu ya mwili kama ya mafua makali. Anywe maji kwa wingi na panado, hupita, na mwaka wa pili huwa nafuu.

Kuhusu taya. Aliyewatisha hakutunga uongo, lakini amekikuza kitu. Mfupa wa taya kufa ni jambo lililoonekana zaidi kwa wagonjwa wa saratani, wanaopewa dawa hizi kwa dozi kubwa na za mara kwa mara. Kwa dozi za osteoporosisi makadirio ni kati ya mtu 1 katika 10,000 na mtu 1 katika 100,000 kwa mwaka. Ukilinganisha na wale mmoja kati ya watano niliowataja juu, wa nyonga na wa pingili, mizani iko wazi. Mama aonwe na daktari wa meno kwanza. Kama kuna jino la kung'oa, ling'olewe na fizi ipone, ndipo dripu. Hatari nyingine adimu ni mvunjiko wa katikati ya paja baada ya miaka mingi ya dawa. Huanza na maumivu yasiyoelezeka ya paja au kinena, na akiyasikia aseme mara moja. Kwa ajili hiyo dawa haitumiki milele: baada ya dripu tatu, au miaka mitano ya vidonge, daktari hupima upya, na wengi hupumzishwa.

Iko sindano nyingine, denosumabu, ya kuchoma chini ya ngozi kila miezi sita. Huizuia ile ishara inayoamsha osteoklasti, na hufanya kazi vizuri. Lakini nataka mnielewe kabla ya mtu kuwauzia: ikikatizwa, osteoklasti zilizozuiliwa huamka kwa pamoja, na wapo waliovunjika pingili kadhaa kwa mfululizo miezi michache baada ya kukosa sindano. Tena huhifadhiwa kwenye friji kutoka kiwandani mpaka kwenye mkono. Mahali ambapo usafiri hutegemea bahari na barabara, na dawa leo ipo kesho haipo, mimi siianzi ila nikiwa na hakika ya sindano zote zinazofuata.

Dawa za kujenga mfupa mpya zipo pia. Teriparataidi, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2002, hudungwa kila siku. Romosozumabu ya mwaka 2019 ilizaliwa kutokana na familia za Makaburu wa Afrika Kusini waliokuwa na mifupa minene kupita kiasi; ikagunduliwa kuwa wanakosa protini inayozuia ujenzi wa mfupa, na dawa ikatengenezwa kuizuia protini hiyo. Zote mbili ni ghali mno na huwekewa wenye hali mbaya zaidi. Homoni ya estrojeni nayo hulinda mifupa, ila katika miaka 67 siianzishi. Hatari ya kiharusi na damu kuganda inazidi faida.

Dawa zote hizi haziwezi kitu kwa ngazi. Ngazi za nyumba za mawe nazijua: kali, zenye giza, na vidato visivyolingana kimo. Pakeni ukingo wa kila kidato chokaa nyeupe ili jicho liuone. Fungeni kamba nene au mbao ya kushikilia upande mmoja, kutoka juu mpaka chini. Mkeka usiobanwa uondoke njiani. Ndara zilizolainika soli zitupwe. Tochi iwe karibu na mto wa kulalia, na kama inawezekana mama alale chini karibu na choo. Mpelekeni apimwe macho, maana mtoto wa jicho huangusha wazee wengi, na mpeleke dawa zake za presha na za usingizi ziangaliwe kama ndizo zinazomtia kizunguzungu akiinuka.

Pingili hazipendi kuinama mbele na mzigo. Kukuna nazi juu ya mbuzi, mtu amejikunja karibu na sakafu, kuanzia leo kazi hiyo iwe ya mwingine. Ndoo asiinue. Akishuka gatini ashikwe mkono, asiruke kuingia botini. Kama rukuu na sujudu zinamwumiza mgongo, asali kwenye kiti. Kitabibu namshauri hivyo mpaka mgongo utulie. Lakini msimweke kitandani! Mfupa usiobebeshwa mwili hupungua haraka zaidi. Ndani yake kuna seli zinazohisi uzito na kuamuru ujenzi, na huamuru kwa kutembea, kwa kusimama. Kila siku aketi kwenye kiti kigumu na kusimama bila kujisukuma kwa mikono, mara kumi, kisha asimame kwa mguu mmoja akigusa ukuta, na wewe uwe karibu yake.

Na wewe wa miaka 44? Usiogope, jiandae. Mama aliyevunjika huongeza hatari ya bintiye, hasa akivunjika nyonga. Bado una estrojeni, na kila unachokilinda sasa utakikuta mbele. Uji wa wimbi, mtindi, kiwanda na jua vinakuhusu wewe kama yeye. Mji usio na magari umewapa miguu. Itumieni, na ubebe vitu vya uzito wa wastani maadamu mgongo wako ni mzima. Kama unatumia sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu, jua kwamba hupunguza uzito wa mfupa wakati unaitumia, na mwingi hurudi ukiacha. Zungumza na muuguzi wako kuhusu njia nyingine, usiache tu bila badala. Hedhi yako ikikoma kabla ya miaka 45, nenda hospitali mapema, kwani hapo homoni huwa na faida kubwa. Na msikubali kuambiwa kuwa osteoporosisi ni maradhi ya Wazungu. Ni kweli watu weusi kwa wastani wana mifupa mizito zaidi, lakini wastani haumlindi mama yako.

Ramadhani haina tatizo. Siku ya kidonge, mama afungue kwa maji matupu, asali magharibi, kisha anywe kidonge kwa glasi nzima ya maji na akae wima nusu saa. Tende na futari zifuate. Kalsiamu ainywe na daku. Dripu ndiyo msiipange mwezi huo, kwa sababu anatakiwa anywe maji kwa wingi kabla na baada yake, na homa ya siku mbili tatu itamfunguza. Ifanyeni Shaaban, au baada ya Idi.